Mwanga Bila Kitenzi

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya matairi,
S.L.P. 418.

Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichosema kinakuamsha alfajiri kimeshakuacha. Bado unafanya zamu mbili pale ghalani? Na yule mwenye nyumba wako anayehesabu ndoo zako za maji, hajachoka kuhesabu? Mama anasema kifua kikikubana ulale na soksi, na usicheke, maana yeye hajawahi kucheka ulipokuwa mgonjwa.

Huku Mama hajambo. Shangazi amepata meno mapya na sasa anatabasamu hata msibani. Mimi ni mzima isipokuwa mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko huu umepinda kama wa mtoto wa chekechea. Sababu yake utaikuta mbele.

Najua mwenyekiti wa mtaa alikupigia simu akakwambia baba yako alivamiwa na wezi. Hapakuwa na mwizi hata mmoja, Kaka. Baba Mkubwa alipigwa na majirani, saa tano asubuhi, jua likiwaka, na kilichowapeleka kwake ni daftari langu. Naomba uketi. Naomba pia usitafute tikiti kabla hujafika mwisho wa barua, kwa sababu nakujua.

Mwezi wa nne watu walianza kuona taa angani. Zilikuwa ndogo, nyekundu na kijani, nane au tisa, zikizunguka juu ya mapaa mara tu giza linapoingia. Hazikuwa na sauti. Zilikuwa zikikusanyika na kutawanyika kama watu wanaonong'onezana, kisha zinazima moja moja kabla ya saa mbili. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Fundi matairi alisema ni ndege za kijasusi zimekuja kuiba siri za karakana yake. Wiki ya pili, mke wa muuza nyama wa pale kona alijifungua mtoto mfu. Wiki ya tatu transfoma ililipuka ikamuunguza mtu. Baada ya hapo sikumsikia tena mtu akitania.

Mtaa uliitisha mkutano, wakanichagua mimi nichunguze, kwa kuwa ninafanya kazi kituo cha hali ya hewa na, kama alivyosema kinyozi, nalipwa kwa kutazama juu. Aliyenipendekeza ni muuza nyama mwenyewe. Alisimama, macho mekundu, akasema msomi wetu atatuambia. Nilifurahi. Nataka ujue hilo kabla ya mengine yote: nilifurahi.

Nilifanya kazi vizuri. Vifaa vya kituoni haviruhusiwi kutoka getini, hivyo nilipima kwa ngumi, jinsi tulivyofundishwa chuoni. Unanyoosha mkono, unakunja ngumi, unaiegemeza juu ya mstari wa mapaa. Ngumi moja ni digrii kumi. Taa ikiwa juu ya ngumi ya tatu, unaandika ngumi tatu, pamoja na upande ilipo. Nilisimama siku kadhaa dirishani kwangu, siku kadhaa uwanja wa shule, siku kadhaa kwenye paa la kituo. Na niliandika kwa mkato kama tunavyoandika kazini. Mvua. Mashariki. Milimita nne. Mvua hata bila kitenzi inaeleweka.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, pale kwenye meza ya ufundi saa ya baba yako, katikati ya saa zilizopasuliwa matumbo. Ulikuwa ukiniambia sentensi isiyo na kitenzi ni mtu aliyekatwa miguu: hujui alikuwa anakwenda wapi. Nilikukumbuka nikiwa nimechelewa.

Siku ya kumi na moja mistari yangu mitatu ilikutana kwenye ramani, juu ya kibanda cha njiwa cha baba yako, pale kwenye paa. Nilicheka peke yangu. Niliona nitamwuliza, atanieleza, na tutacheka wawili. Lakini ilikuwa Ijumaa usiku, na mkutano ulikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa zamu ya alfajiri.

Jumamosi mwenzangu wa kunipokea hakufika kwa wakati. Mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja, alipita getini akienda mkutanoni, nikampa daftari. Nilimwambia wasubiri nifike nilieleze mwenyewe. Lakini kama nilitaka wanisubiri, kwa nini nililituma? Nimejiuliza swali hilo kila siku tangu siku ile, na jibu halijabadilika. Nilitaka litangulie, walione lilivyo safi, na mimi niingie ukumbini nikiwa nimeshasifiwa.

Yaliyotokea ukumbini nimesimuliwa na mshonaji, akilia. Mwenyekiti alisahau miwani, akampa muuza nyama asome kwa kuwa ana sauti ya sokoni. Muuza nyama akafungua ukurasa wa mwisho. Nilikuwa nimeandika hivi:

Mwanga. Kwa Fundi Saa. Ngumi tatu.

Unaijua lugha yetu. Mwanga unawaka, mwanga anawanga. Taa na mchawi wamepewa jina moja, na kinachowatenga ni herufi moja tu mwanzoni mwa kitenzi. Ningeandika "unatoka", ningekuwa nimesema taa, na baba yako angekuwa na macho yote mawili. Mimi niliyemaliza chuo, ninayesahihisha matangazo ya watu ukutani kwa kalamu, nilishindwa kuandika neno moja lenye u.

Muuza nyama aliurudia mstari ule polepole, kama anayesoma cheti cha dawa. Kisha akafunga daftari.

"Mmesikia? Hata dozi ameandika."

Mtu mmoja akacheka. Mshonaji anasema ni kicheko kile kilichowainua vitini.

Nilipofika mtaani saa tano na robo, mlango wa baba yako ulikuwa umeng'olewa bawaba. Meza yake ilikuwa imepinduliwa, na vigurudumu vya saa vilisagika chini ya viatu vyangu kama mchanga. Kelele zilikuwa juu. Nilipanda ngazi.

Walikuwa kama ishirini, na nilimjua kila mmoja. Fundi matairi alikuwa na mpini wa jeki. Kinyozi alikuwa ameingiza mkono ndani ya kibanda, anawatoa njiwa mmoja mmoja na kuwavunja shingo kwa kidole gumba, kidole kilekile anachokushikia nacho kichwa utulie unaponyolewa, na kuwatupa nyuma yake bila kutazama wanapoangukia. Baba Mkubwa alikuwa amepiga magoti, na muuza nyama amemkaba ukosi. Ngumi ya kwanza sikuiona. Ya pili niliiona ikiingia chini ya jicho la kushoto, nikasikia sauti ambayo sitakuandikia.

"Mbili," alisema muuza nyama.

Baba yako alikuwa ameinua mikono. Hakuwa anajikinga. Alikuwa anapapasa, anautafuta uso wa anayempiga.

"Wewe nani? Sema basi, wewe nani?"

Walidhani anawakebehi, mtu waliyekaa naye mtaa mmoja miaka thelathini. Mimi nami nilidhani hivyo. Hakuna aliyejua kwamba macho yake hayawaoni.

Ikashuka ya tatu. Kaka, katika nukta ile nilitamani ziishie hapo, kana kwamba tatu zilikuwa halali kwa sababu niliziandika mimi. Hazikuishia tatu. Alipoanguka walimfuata chini kwa viatu. Fundi matairi aliupiga mkono wake wa kushoto kwa mpini wa jeki, ukavunjika kama ubao wa sanduku la sabuni. Damu ilitafuta mteremko wa paa, ikaenda kwenye mfereji wa maji ya mvua, ule uliouziba wewe kwa lami mwaka ule kabla hujaondoka.

Ndipo njiwa mmoja aliyetupwa na kinyozi aliponidondokea miguuni. Shingo imegeuka nyuma, na mguuni kijitaa cha kijani kinawaka. Nikamtazama kinyozi. Kila njiwa aliyemkamata aliwaka mkononi mwake, maana vijitaa vile huwashwa kwa kubanwa, na yeye alikuwa anabana. Vilikuwa vijitaa vyako, vile kumi na viwili ulivyomtumia baba yako vya kutundika kwenye funguo.

Nilipiga kelele kwamba ni taa, ni taa tu. Hakuna aliyegeuka. Basi nikaokota ubao wa kile kibanda. Ulikuwa na msumari, na niliuona kabla ya kuuinua. Nilimpiga muuza nyama begani akageuka, nikampiga usoni, msumari ukaingia shavuni na kutoka umelichana hadi karibu na mdomo. Akaanguka. Pale palitosha. Wengine walikuwa wameshaanza kurudi nyuma, na mikono yake yote miwili ilikuwa imefunika uso. Nikampiga tena. Nikampiga mpaka ubao ukavunjika na kunipasua kiganja, na nilipokuwa nampiga nilihisi kitu kitamu, kama usingizi unapokuchukua baada ya zamu mbili. Pigo lile la mwisho halikumsaidia mtu yeyote. Nakuandikia kwa sababu unanidhania mpole, na kwa sababu najua hamu uliyo nayo sasa hivi unaposoma. Sikuisikia kwa wengine. Nimeionja.

Aliyetusimamisha ni mke wa muuza nyama. Alipanda ngazi akishikilia ukuta, bado hajapata nguvu. Alimwona mumewe, akamwona baba yako, hakukimbilia kwa yeyote. Aliinama akaokota njiwa. Akakibana kijitaa, kikazima. Akakibana tena, kikawaka.

"Ni taa," alimwambia mumewe.

Walishuka mmoja mmoja. Kinyozi, manyoya yamemganda mikononi, aliniambia samahani dada nipishe, kama tuko kwenye foleni ya maji.

Hospitali walilitoa jicho la kushoto siku ileile. Jioni daktari alilitazama la kulia, akauliza mzee huyu amekuwa haoni tangu lini. Mimi na Mama tulitazamana. Lina mtoto wa jicho aliyekomaa, na hata lile lililotolewa lilikuwa naye. Kwa miaka miwili baba yako amekuwa akitengeneza saa kwa vidole na masikio. Mchana alikuwa anaona ukungu mweupe tu. Hakumwambia mtu, maana nani atampa saa yake fundi asiyeona, na hakukuandikia wewe kwa sababu ungetaka kurudi. Kitu pekee kilichobaki kwake ni nukta za taa gizani. Ndiyo maana alivifunga vijitaa vyako miguuni mwa njiwa, akawa anavibana na kuwarusha jua likizama, ili awahesabu wakirudi. Huo ndio uchawi wote. Alitaka kuona kitu kinarudi nyumbani.

Daktari alipomwambia ana mtoto wa jicho, aligeuza kichwa chenye bendeji kuelekea sauti ile.

"Afadhali huyo," alisema. "Hajasafiri."

Muuguzi alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nilishindwa. Nakuandikia utani wake ulivyo, usiuchukue vibaya. Ni mara ya kwanza alipotania tangu apigwe.

Nilikwenda polisi nikaeleza yote, pamoja na ubao wangu. Afande aliandika maneno matatu: Ugomvi wa mtaani. Nilimwuliza kitenzi kiko wapi, nani alimfanya nani nini. Alinitazama kama nimemtukana, akaniambia nirudi Jumatatu. Nimerudi Jumatatu mbili. Mwenyekiti naye alikuja kututembelea baba yako aliporudishwa nyumbani, akasema yaliyopita si ndwele. Nilitaka kumwambia akamwulize mwenye jicho moja kama si ndwele, lakini Baba Mkubwa alinitangulia. Alimwuliza ni saa ngapi. Mwenyekiti akatazama saa yake, akamtajia.

"Hiyo inachelewa dakika nne," baba yako alimwambia. "Naisikia kutoka hapa. Nenda nayo hivyohivyo."

Sasa nafika kwenye kiini cha barua hii. Tarehe 30 mwezi huu anakuja daktari bingwa wa macho, anakaa siku tatu, hatarudi mpaka mwakani. Anaweza kumtoa mtoto wa jicho lililobaki, na baba yako ataona. Tukichelewa mpaka mwakani, presha ya jicho itaua kilichobaki, na hata zile nukta za taa zitakwisha. Baba Mkubwa alikataa. Mama alibembeleza, Shangazi alitisha, mimi nilieleza kwa mchoro nikasahau kwamba hauoni. Alikataa kwa upole, kama anayekataa chai.

Juzi nilimuuliza kwa nini. Akaniuliza wakimfumbua, wa kwanza atakayemwona ni nani. Nikamwambia daktari. Akauliza na baada ya daktari? Kutoka hospitali hadi mlangoni kwake, mtaa mzima umejipanga pande mbili, kinyozi kulia, matairi kushoto, bucha kwenye kona. Alisema kwa sasa anawasikia tu, na kuwasikia anaweza.

Usiku nimekuwa nikiota nawapiga. Si ndoto za kutisha, Kaka, hilo ndilo linalonitisha. Naamka nimetulia.

Jana jua lilipozama nilimpandisha Baba Mkubwa kwenye paa apate hewa. Kibanda nilishakisafisha, lakini damu imeingia kwenye saruji na haitoki. Tulikaa. Ghafla akaniuliza ile ni nini. Sikuona kitu. Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea kona, na kweli, juu ya mapaa palikuwa na nukta ya kijani inazunguka.

"Ngumi ngapi?" aliniuliza.

Nikanyoosha mkono wenye bendeji, nikakunja ngumi, nikaiweka juu ya mstari wa mapaa. Mstari wenyewe ulikuwa paa la muuza nyama. Chini ya paa lile dirisha lilikuwa wazi, na mkewe alikuwa amesimama hapo, mikono mitupu imetangulizwa nje, kama mtu aliyeachia kitu sasa hivi. Aliniona nimeinua ngumi kuelekea nyumbani kwake. Hakufunga dirisha.

"Mbili, Baba," nilimjibu.

Njiwa, mmoja aliyemponyoka kinyozi siku ile, alishuka akatua kwenye fremu ya kibanda kisichokuwa na ubavu. Amenenepa, mtu amekuwa akimlisha. Baba Mkubwa alimpapasa mguu mpaka akakipata kijitaa, na kidole chake kikakaa hapo.

"Hiki hakijibani chenyewe. Nani amekiwasha?"

Nilimwambia. Chini mtaani mtu alikuwa anateremsha mlango wa chuma wa duka. Kisha Baba Mkubwa akasema nikuandikie kwamba amekubali kupasuliwa, lakini kwa sharti: wakimfumbua, wa kwanza awe wewe. Wengine atawaona baadaye, kila mmoja kwa zamu yake, na huyo mama wa dirishani awe wa pili.

Kwa hiyo nakuomba, Kaka, ufike kabla ya tarehe 30. Naomba ufike na uso wako tu. Namkumbuka yule kijana wa kituo cha mafuta na meno yake uliyomng'oa kwa ngumi, na namkumbuka baba yako alivyokusindikiza stendi bila kukutazama. Muuza nyama ana nyuzi kumi na nne shavuni, na hazuii tena mate upande mmoja. Sehemu yako nilishampiga, na nikazidisha. Hakijabaki cha kufanywa na mikono yako. Ukija na ngumi, baba yako atafumbuliwa aone kilekile kilichomtoa jicho.

Daftari nilirudishiwa. Jana usiku niliandika ukurasa mpya: Saa moja kasoro dakika tano jioni, mwanga wa kijani umeonekana ngumi mbili juu ya nyumba ya muuza nyama, na umerudi kwa Fundi Saa. Nilimsomea Baba Mkubwa. Akasema sasa hiyo inatembea.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama zile soksi zilikutosha. Shangazi anakusalimu kwa meno yote. Mshonaji anakusalimu na anaomba radhi. Nimemwambia aliyelituma daftari ni mimi. Baba yako anasema hakutumii salamu, atakupa mkononi. Mungu akulinde njiani, na aulinde mtaa huu na sisi tulio ndani yake.

Barua hii nimeisoma mara mbili, nikihakikisha kila mahali palipo na jina la baba yako pana kitenzi. Cha mwisho ni hiki: njoo.

Wako akupendaye, kwa mkono mzima na kwa huu mbovu,

Mdogo wako,
yule mliyemwita Kipimamvua.